Wodi Aliyoiruka

Mchana ule upepo ulikuwa ukiingia dirishani polepole, unalijaza pazia mpaka linatoka tumbo kama mja mzito, kisha unaliacha linywee. Mimi nilikuwa kwenye kochi la kona, nusu nimelala, nusu niko macho. Mjukuu wangu alikuwa mezani mbele ya kompyuta aliyoazima kwa mjomba wake. Gauni lake jeupe la uuguzi lilining'inia mlangoni, limenyooshwa pasi mpaka kwenye mishono, na kila pazia lilipopumua nalo lilitikisa mikono, utadhani ndani yake mna mtu mwembamba anayesubiri kuitwa.

Alikuwa anaandika wasifu wa kuombea kazi. Kazi yake ya kwanza. Kituo cha afya cha nyuma ya soko, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu, kilikuwa kinatafuta muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Nafasi yenyewe moja, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa jioni ile ile, ofisi zikifungwa.

"Bibi, umelala?"

"Nimefumba macho tu. Soma nikusikie."

Akakohoa kidogo, akasoma: "Mwombaji ni mwanamke, kijana, yuko macho na ana fahamu zake zote. Hana mzio wa dawa yoyote. Anajihudumia mwenyewe. Amehitimu mafunzo ya uuguzi na hana malalamiko."

Nikafumbua jicho moja. "Mke mwenzangu, huyu anaomba kazi au anaomba kitanda?"

Akacheka mpaka akalaza paji la uso mezani. "Ndivyo tulivyofundishwa, Bibi. Andika unachokiona, usijitie ndani. Mkono umeshazoea faili za wagonjwa."

"Basi endelea. Labda kuna dawa mbele."

Akaendelea. Alitaja wodi ya wanaume, akataja ya upasuaji na vidonda alivyosafisha, akataja ya wazazi. Halafu akaruka moja kwa moja hadi siku ya kuhitimu. Mimi sikusoma sana, shule ya msingi ndiyo iliyonitosha, lakini najua hadithi inapokosa kipande. Ile miezi ya mwisho ya mafunzo alikuwa akirudi nyumbani ananukia maziwa na spiriti. Harufu ile nilikuwa nikiisikia kabla hajagusa mlango.

"Na wachanga je?" nikamuuliza.

Pazia likajaa, likanywea.

"Hiyo nimeiruka."

"Lakini wanayemtaka ni wa wodi hiyo hiyo."

"Najua, Bibi. Ila nikiiandika lazima nimtaje na sista mkuu wa pale awe mdhamini wangu. Watampigia simu. Naye atawaambia."

"Atawaambia nini?"

Akageukia kompyuta. Nikakumbuka asubuhi moja aliyoingia chumbani kwangu na viatu miguuni, akajilaza pembeni yangu bila salamu, akalala vile vile. Nilimvua viatu, nikamfunika. Sikumuuliza siku ile wala baada ya pale. Mambo mengine unayaacha yaive yenyewe.

Sasa, sisi wawili tulikuwa na mchezo wetu. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa akijifunzia kwangu namna wauguzi wanavyokabidhiana zamu: mimi nalala, yeye anasimama kando na kusema mgonjwa ni nani, amefanyiwa nini, ameamkaje. Nikavuta shuka mpaka kifuani.

"Njoo unikabidhi zamu."

"Bibi, muda unakwenda."

"Njoo. Mgonjwa ni huyo mwombaji wako."

Akaja akasimama miguuni pangu, mikono nyuma. Sauti yake ikawa ile laini ya wodini, ambayo haimwamshi mtu.

"Mwombaji alifanya kazi wodi ya watoto wachanga. Alijifunza kuwalisha kwa mrija, kuwapima joto, kuwaweka kifuani kwa mama zao. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, njiti, amezaliwa kabla ya wakati, anaenea kwenye viganja. Alifariki alfajiri, mikononi mwa mwombaji. Mwombaji alimfunika, akamwita sista, akaandika saa. Kisha akalia mbele ya mama wa mtoto. Kwa sauti. Sista akamtoa nje."

"Hali yake sasa?"

"Anaogopa kupiga simu."

"Kuna la ziada?"

"Anaitaka ile wodi." Sauti ya wodini ikamtoroka. "Naitaka, Bibi. Naitaka sana."

"Haya, zamu nimeipokea. Agizo ni moja: mgonjwa apige simu."

Akaketi kwenye ukingo wa kochi, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Ikaita muda mrefu. Ilipopokewa tulisikia kwanza vilio vyembamba, kama vya paka waliozaliwa jana.

"Nani?"

"Shikamoo, sista. Ni mimi, mwanafunzi wako wa kundi la mwisho."

"Marahaba. Yule aliyelia?"

Mjukuu wangu akafumba macho. "Ndiyo, sista. Nilikuwa naomba nikuandike uwe mdhamini wangu. Kazi ya wachanga."

"Unarudi kwa wachanga? Wenzako wote wamekimbilia kliniki za meno huko."

"Narudi, sista."

"Niandike. Lakini wakiniuliza sidanganyi. Nitasema ulilia."

"Sawa."

"Na nitasema ulinawa uso, ukarudi ndani, ukawalisha wale wengine wote, hakuna aliyechelewa kula. Nitasema pia mwandiko wako kama kuku kapita. Haya, naitwa huku." Simu ikakatika.

"Hilo la kurudi ndani hukunikabidhi," nikasema. "Muuguzi gani anaacha habari nusu?"

"Nililisahau, Bibi. Nakumbuka kutolewa mlangoni tu."

Akarudi mezani. Akamfuta mwombaji kote alikokuwa, akaandika tena tangu mwanzo, mimi nilifanya hiki, mimi nilifanya kile, huku akinisomea. Alipofika kwenye wachanga akapunguza mwendo, lakini hakuruka. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mguu wa meza alipobonyeza kwa mara ya mwisho.

"Umekwenda?"

"Umekwenda. Na wamejibu: asante, tumepokea ombi lako."

"Upesi hivyo?"

"Ni mashine tu, Bibi."

"Ina adabu kumshinda mjomba wako."

Akaja kujilaza upande wa pili wa kochi, nyayo zake zikagusa zangu. Tukakaa hivyo, nyumba imetulia, pazia linakwenda na kurudi. Nilidhani amesinzia.

"Bibi."

"Abee."

"Yule mtoto alikuwa na vinyweleo mabegani. Laini mno, mpaka umweke mwangani ndipo unaviona."

Nikageuka nimwone vizuri. "Hebu nisimulie."