Kikwembe Juu ya Mtambo wa Jua

Chancelvie alijifungua mwezi wa Juni, baridi ya Lubumbashi ikiwa imeshika mifupa, na mama yake Ngalula alijua kazi inayomngoja. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na anayemkanda ni mama yake, si mwingine. Lakini kifua cha Ngalula kilikuwa kimechoka na moshi wa mbabula, jiko lake dogo la mkaa, na makaa yanayoletwa kwa njia ya Kasomeno yalikuwa yamepanda bei hata kuyataja ni anasa.

Hapo ndipo serikali ya jimbo ilipomkumbuka. Ilitangaza kwamba anayeweka mtambo wa kuchemsha maji kwa jua atalipiwa nusu ya gharama, kwa sharti moja: afisa aje, afungue bomba, akute maji ya moto. Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeuza vifaa vya jua mjini, alimfungia Ngalula mtambo juu ya paa fupi la jiko la nje kabla nusu hiyo haijatoka, kwa kumwamini tu. Afisa akikuta maji baridi, Paluku angelazimika kuufungua na kuondoka nao.

Ngalula alishukuru mpaka majirani wakachoka kumsikiliza. Miaka yote serikali ilikuwa ikija mlangoni kwake kudai. Safari hii imekuja kutoa.

Ila maji hayakupata moto. Leo baridi, kesho baridi. Na aende kulalamika kwa nani? Mtu akikupa kuku, humwambii amekonda. Paluku akipiga simu, Ngalula alijibu, "Iko muzuri sana, papa. Mungu akubariki." Kisha alizunguka nyuma ya nyumba, akawasha mbabula, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akampelekea binti yake ndoo kana kwamba imetoka bombani. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini Ngalula alikuwa amezaa sita. Labda aliona methali hiyo haimhusu.

Siku ya ukaguzi Paluku alikuja na afisa, Madame Delphine, mwanamke mpole mwenye koti zito. Chancelvie akatoka na mtoto kuwasalimia. Delphine akafungua bomba, akaweka mkono.

"Mama, hii maji iko baridi."

Ngalula akatazama chini. Aibu ilimchoma kwa ajili ya Paluku aliyemwamini, na kwa ajili ya binti yake ambaye sasa alikuwa akimtazama bila kuelewa.

Paluku akagusa bomba, akarudi nyuma kidogo, akainua macho hadi paani.

"Mama Ngalula, kile kikwembe kule yulu ni ya nini?"

"Njo ya kufinika mashini," Ngalula akajibu, akishangaa swali lenyewe. "Nafinikaka kila asubuhi, vumbi isiingie mu kioo. Na macho ya bantu. Kitu serikali inatupatia, tutaiacha uchi?"

Kilikuwa kitenge chake kizuri kuliko vyote, kikwembe cha kuvaa harusini.

Delphine akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Paluku alijizuia.

"Kosa iko yangu," akasema. "Ni mimi nilikuambia uichunge sana."

"Niko na manyumba ingine ya kukagua ku Karavia," Delphine akasema alipoweza kusema. "Nitarudia jioni, mbele ya jua kushuka."

Paluku akapanda, akavuta kikwembe, akamtupia Ngalula. Kilikuwa cha moto kama mkate uliotoka sasa hivi. Ngalula akakikumbatia. Kumbe jua lilikuwa kazini siku zote, yeye ndiye aliyelipatia kitambaa badala ya maji. Akamfunika nacho mjukuu wake.

Jioni Delphine akafungua bomba tena, akarudisha mkono haraka, akatia sahihi. Ngalula akamshika mikono yote miwili, kisha akamshika Paluku. "Twasakidila," akawashukuru kwa lugha ya wazazi wake wa Kasai, akairudia na kuirudia, maana Kiswahili hakikumtosha.

Wageni walipoondoka, akamwingiza Chancelvie bafuni, akachovya taulo kwenye maji ya bombani, akamkanda mgongoni.

"Mama," Chancelvie akasema, "ongeza ya baridi kidogo. Itaniunguza."

Ngalula akaongeza maji ya baridi, huku akifuta machozi. Mara hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.