Siku Elimu Ilipopimwa kwa Kilo

Askari walipofika mwaloni Ggaba, ufukweni samaki wanaposhushwa, asubuhi ile, wanawake wa samaki walifanya kama walivyozoea. Mmoja aliinamia beseni lake kama aliyeangusha pete humo, mwingine akakumbuka ghafla kwamba amemwacha mtoto peke yake nyumbani. Kahambu alibaki amesimama. Angeenda wapi, na mizani yake ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo, inaonekana kutoka barabarani?

"Hii mizani ya nani?"

"Yangu, afande."

"Beba. Panda lori."

Hakuuliza kwa nini. Miaka ile, mtu aliyeuliza kwa nini alipelekwa mahali pa kupewa jibu. Alikunja minyororo, akafungasha sinia mbili za shaba, akatia mawe ya chuma ya kupimia ndani ya gunia, na boriti, chuma kinachobeba sinia hizo, akaipakata mwenyewe. Mizani hiyo mama yake, marehemu Mbambu, aliitoa kwao Kongo akiwa ameifunga mgongoni kwa kitenge, mahali ambapo wanawake wengine hufunga mtoto. Mtoto mwenyewe, Kahambu, aliyekuwa na miaka sita, alitembea kwa miguu. Mama alipofariki, Kahambu aliacha shule darasa la tano, akashika mizani, na tangu siku hiyo ndiyo iliyomlisha.

Njiani koplo mmoja alimhurumia akamweleza. "Redio imesema. Kahawa tunajua tani ngapi kila mwaka. Pamba tunajua. Elimu je? Watu wamejaa kule kilimani wanafanya utafiti, utafiti, lakini tani ngapi? Hakuna mtu anajua."

"Na mjini hakuna mizani, afande?"

"Ya mjini ilikuwa ya Wahindi." Koplo akageuka kuangalia barabara. "Wahindi walienda. Mizani nayo... sijui."

Kituo cha utafiti kilikuwa na nyasi nzuri mbele, na juu ya nyasi hizo wataalamu wa nchi walikuwa wamepangwa mstari kama wagonjwa wanaongoja sindano. Kila mkuu wa idara alikuwa na mzigo wake miguuni. Mbele yao alisimama Kapteni Cleopas. Kwa miaka tisa kazi yake kambini ilikuwa kugawa mabuti, na aliyagawa vizuri, kila mtu na saizi yake. Miezi mitatu iliyopita aliamka akasikia redioni kwamba yeye ndiye Mkurugenzi wa Utafiti Wote, kuanzia hisabati hadi tiba. Akanunua kalamu nne, akazichomeka zote kwenye mfuko wa shati.

"Sikilizeni!" alisema. "Idara nzito kuliko zote itapata kreti ya sabuni na gunia la sukari." Mstari mzima ukameza mate. "Idara nyepesi kuliko zote, huyo ni mhujumu uchumi. Mkubwa wake atapanda ile lori. Kila kilo tukipima, koplo anapeleka namba juu kwa simu ya upepo, palepale. Mama, funga mizani!"

Kahambu akaifunga kwenye tawi la mti, akaangalia sinia tupu zikilala sawasawa. Ndipo alipomwona, mwisho kabisa wa mstari, mwanamume mwembamba mwenye koti lililopauka. Alikuwa mteja wake wa Jumamosi. Wenzake walimwita Profesa Opoka, wa hisabati, na Kahambu alishangaa, maana mwaka mzima alimdhania karani wa posta.

Mwaka huo mzima ulianza na ngege mmoja. Opoka alikuwa ameshapimiwa, ameshalipa, kisha akasema, "Binti yangu, hebu mhamishe huyu samaki sinia ya pili." Kahambu akamhamisha. Samaki yuleyule, mawe yaleyale, uzito mwingine. "Mkono wa kushoto wa boriti ni mrefu kuliko wa kulia," Opoka alisema, "unene wa ukucha tu. Wewe unaweka samaki kulia, kwa hiyo kila siku unawapa watu nyongeza bila kujua." Angeweza kunyamaza akala nyongeza hiyo mpaka uzeeni. Badala yake alimfundisha kupima mara mbili, kushoto na kulia, kisha kuchukua katikati. Tangu hapo Kahambu alimwita Mwalimu, naye kila Jumamosi aliondoka na samaki wake ndani ya karatasi ya kaki.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Daktari Mugisho wa tiba, aliyeleta makreti sita ya mafaili ya wagonjwa wa kifua. Kahambu aliyapima kidogo kidogo, kisha akaanza kuhamisha mzigo sinia ya pili.

"Unafanya nini?" Kapteni aliuliza.

"Nataka kupima mara ya pili, afande. Huku."

"Mara moja! Hapa si sokoni, hakuna kucheza cheza!"

Kahambu akainamisha kichwa. Koplo akaita kwenye simu, "Tiba, kilo mia mbili na kumi na mbili!" na huko juu sauti ikajibu kwa mkwaruzo.

Mtaalamu wa migomba alileta mikungu mitatu aliyoilea miaka minne ili ajue kwa nini mingine huoza kitovuni. Ilipokwisha kupimwa askari waliivamia, na kufikia saa sita utafiti huo ulikuwa tayari kwenye sufuria. Wa wadudu alipata kilo mbili na nusu, chupa zikiwemo, akatetemeka mpaka mende wake waliokufa wakaonekana kama wamefufuka. Wa historia, mtu mwerevu, alipimwa akiwa na vitabu vyake, na kiti alichokuwa akiandikia, na mto wa kiti. Lakini hakuna aliyemfikia mtaalamu wa miamba. Huyo alikuja na mawe. Mawe matupu, toroli kumi na moja, na kila toroli alilitolea maelezo marefu kama baba anayetambulisha watoto wake. Kilo mia saba! Kapteni alimpa mkono mara mbili.

"Hii ndiyo elimu," alisema. "Hata ikikuangukia, unajua umeelimika."

Kisha ikafika zamu ya Opoka. Alitoa mfukoni karatasi moja ya kaki, iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye sinia kwa vidole viwili. Boriti haikutikisika hata kidogo. Nzi mmoja akatua juu ya karatasi, na Kahambu akatamani nzi huyo angekuwa mnene zaidi.

"Zingine ziko wapi?"

"Ni hiyo tu, Kapteni. Kazi ya miaka kumi na moja."

"Ya nini?"

"Kuna hesabu moja ambayo watu wameitafutia njia kwa muda mrefu. Nimeonyesha kwamba njia haipo."

Kapteni alizunguka ule mti mara moja, taratibu. "Miaka kumi na moja, unatafuta kitu ambacho hakipo?"

"Nilikuwa sijajua kwamba hakipo."

"Hata mimi naweza kukaa nyumbani na kusema kitu hakipo! Sukari haipo! Chumvi haipo! Mimi sasa ni profesa?" Askari wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba kusema sukari haipo ni kosa, wakakata kicheko katikati. Kapteni akainua karatasi akainusa. "Na kwa nini inanuka samaki?"

Mtu wa wadudu alikuwa ameshapumua, maana sasa si yeye aliye mwepesi kuliko wote. Askari wawili walisogea wakasimama kulia na kushoto kwa Opoka, na dereva wa lori akawasha injini. Kahambu alijiona anafungua mdomo kabla hajaamua.

"Afande, inanuka samaki kwa sababu ni mkavu."

"Nini mkavu?"

"Utafiti wake. Sisi mwaloni, samaki mbichi na samaki mkavu hatuwapimi pamoja. Mkavu ni mwepesi, lakini ukiangalia, alikuwa mkubwa. Jua limekula maji, nyama imebaki. Huyu mzee amekausha miaka kumi na moja, afande. Hao wengine wameleta mbichi."

Kapteni Cleopas alikuwa mtu wa kambini, na samaki mkavu alimjua. Uso wake ulianza kulainika, na Kahambu akafikiri, ee Mungu, imepita.

"Mama, umesema kweli kabisa," Kapteni alisema. "Na samaki mkavu kabla ya kumpika tunafanya nini? Tunaloweka! Leteni beseni. Itavimba, tutaona ukubwa wake wa kwanza."

Beseni likaletwa, limejaa maji. Injini ya lori ilipowashwa Opoka hakujitikisa, lakini sasa mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea karatasi ile, kama mtu anayeona mtoto karibu na kisima. Wino ulikuwa wa kalamu ya kuchovya. Nakala ya pili haikuwepo, maana karatasi haikuwepo. Hata hiyo moja Kahambu ndiye aliyempa, imefungiwa ngege. Kapteni aliishika kwa pembe, juu ya maji. Na ikilowa, halafu isivimbe? Lori lilikuwa palepale linanguruma.

Kahambu aliitazama mizani yake. Sinia moja ilikuwa bado na kovu la siku mama yake alipoanguka nayo mpakani.

"Afande, usiloweke," alisema. "Mizani hii ni mwongo."

"Unasema?"

Kahambu alichukua jiwe la kilo tano akaliweka sinia ya kulia, akachukua jingine la kilo tano akaliweka ya kushoto, akarudi nyuma. Boriti ikasita, kisha ikainama kushoto, polepole, mbele ya serikali nzima.

Karatasi ilibaki hewani mkononi mwa Kapteni. Hakuwa mjinga wa kila kitu. Mtu aliyegawa mabuti miaka tisa anajua maana ya hesabu mbaya. Aligeuka akamtazama koplo wa simu. "Namba zote zimekwenda juu?"

"Zote, afande. Wameshukuru. Wamesema zitasomwa redioni saa mbili."

Kalamu nne mfukoni mwa Kapteni zilianza kupanda na kushuka. "Nani alijua kwamba hii mizani ni mwongo?"

"Ndiyo maana nilitaka kupima mara mbili, afande," Kahambu alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo dawa yake."

Kila mtu alikuwa amesikia alivyokatazwa, na nani aliyemkataza. Kila mtu, kwa wakati mmoja, akaanza kuchunguza viatu vyake. Mtaalamu wa miamba peke yake ndiye aliyekuwa anafikiria sukari. "Lakini mawe yangu," alianza, "hata kwa mizani nyingine yoyote—" Hapo Daktari Mugisho alipatwa na kikohozi. Alikuwa amesomea kikohozi miaka ishirini, na sasa alionyesha vyote alivyojifunza, mpaka mwenzake akasahau alichotaka kusema.

Kapteni alikuwa ameshika boriti, anaipindua pindua. Akakuta maandishi. "Koplo, soma hapa."

Koplo alisoma kwa kidole, akitafsiri. "I-me-tengenezwa... ni lugha yao, afande. Uingereza."

"Uingereza!" Jasho la Kapteni lilikauka palepale. "Mnaona? Mnaona mabeberu? Wametuachia jasusi ndani ya samaki! Kamata!"

Koplo alifungua daftari la wahalifu. "Jina, afande?"

"Mizani."

"Kabila?"

"Mwingereza."

"Kazi?"

"Kusema uongo kwa raia."

Pingu zilipitishwa kwenye minyororo. Sinia zilitupwa ndani ya lori kwa kishindo, na askari wawili wakakaa juu ya mizani, bunduki magotini, isije ikatoroka. Lori lilitaka mtu mmoja na limepata. Gunia la sukari na kreti ya sabuni vilipelekwa nyumbani kwa Kapteni, kwa uchunguzi. Karatasi ya kaki Kapteni aliiangalia kama aliyesahau ilifikaje mkononi, akamrudishia Opoka.

"Mwaka kesho," alimwambia, "leta mbichi."

Usiku wa saa mbili redio ilisoma namba zilezile, ila zimezidishwa mara mbili, kufidia uongo wa mabeberu.

Kahambu alirudi Ggaba kwa miguu. Siku zilizofuata aliuza samaki kwa mafungu, kwa macho, na wateja waligombana naye kila fungu. "Dada, huyu mdogo!" "Huyo mkubwa, wewe ndiye una njaa." Wenye mizani upande wa pili walimpita, na ngege wake walikuwa wakimkalia mpaka jioni.

Jumamosi Opoka alitokea, koti lilelile, amebeba kitu begani. Kilikuwa fimbo, kamba, na vifuniko viwili vya ndoo vilivyotobolewa kwa msumari. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimefungwa kitambaa.

"Nimekutengenezea mizani," alisema. Hakumtazama usoni.

Wanawake wa jirani walikuja kuona. Kahambu aliining'iniza kwenye nguzo, akatafuta mawe mawili aliyobaki nayo, akayaweka huku na huku. Fimbo ikainama, safari hii kulia, tena vibaya.

"Mwalimu," alisema, akijizuia kucheka na akishindwa, "yako ni mwongo kuliko yangu!"

"Najua, binti yangu. Nimeipima kutwa nzima jana." Opoka alitoa karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne, na chini kabisa, chini ya kazi ya miaka kumi na moja, palikuwa na mistari michache mipya kwa herufi kubwa ambazo mtu wa darasa la tano angeweza kuzisoma: kulia toa hiki, kushoto ongeza hiki. Akakichana kipande hicho taratibu, akampa.

Kahambu akakichomeka kwenye nguzo. Kisha akachagua ngege mmoja mzuri, akamweka kulia, akamhamisha kushoto.