Mapaa Mawili Juu ya Maji

"Boti si nyumba, Walter!"

"Ina paa?"

"Ina paa."

"Watu watalala ndani yake?"

"Watalala."

"Mama atalala chini ya paa hilo, na Levi naye atalala chini ya paa hilo hilo?"

Emmaculate aliinua macho kwenye mabati ya boti, na kaka yake akafungua mikono kama mwalimu aliyefika mwisho wa hesabu ubaoni. "Basi ni nyumba. Na mkwe halali nyumba moja na mama mkwe wake. Sikuitunga mimi. Niliikuta."

Walikuwa wamesimama kwenye gati la Homa Bay, Jumatano, saa sita na nusu mchana, mbele ya boti ya buluu ya Noordin. Noordin alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mwaka uliopita alinunua boti kuukuu iliyokuwa ikibeba shehena, akaipaka rangi, akapanga vitanda vya ghorofa pande zote mbili, akaifunika kwa mabati kutoka mbele hadi nyuma, kisha akatangaza safari za familia: kuondoka Homa Bay Jumamosi, kulala majini karibu na kisiwa cha Rusinga, kurudi Jumapili.

Emmaculate ndiye aliyepanga safari yao. Anauza dawa za mifugo na mbegu pale Kosele, ana diploma, na hapendi kazi ya kubahatisha. Katika daftari lake kulikuwa na unga wa uji, tembe za kichefuchefu, na majina ya wajukuu wote wanane wa mama yake kwa mpangilio wa umri. Kulikuwa pia na orodha ya vitanda, iliyopangwa kwa kuangalia nani anakoroma, nani anapiga mateke usingizini na nani huamka kukojoa. Alikuwa ametoka tu kuisoma orodha hiyo kwa sauti. Kitanda cha kwanza, Mama. Kitanda cha pili, Lynnet. Alipofika cha kumi na kusema "Levi," watu wote wakamgeukia.

Alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili kule kwao Uriri angelikumbuka.

Levi mwenyewe, mume wake, alikuwa mbali kidogo, karibu na wauza omena, wale dagaa wa ziwani, akitazama milima kana kwamba ameajiriwa kuihesabu. Huo ndio umbali aliouweka kila mara mama mkwe wake alipokuwapo. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kunyoosha miguu mbele ya mama yule.

"Basi Levi abaki," Walter alisema, akirekebisha ukosi wa shati. "Mambo yamekwisha."

"Hayajakwisha," alidakia Noordin aliyekuwa ameegemea boti, kofia kichwani, simu mkononi. "Watoto wanane, mabwana. Jaketi za kuokolea ninazo, nahodha ninaye. Lakini sharti langu mnalijua: familia yenye watoto inakuja na mtu wake mzima anayejua kuogelea. Nani mwingine hapa anajua kuogelea?"

Wao ni watu wa Uriri. Maji wanayoyajua ni ya mtungi na yale yanayonyeshea miwa. Levi peke yake ndiye aliyezaliwa Rusinga, akaogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

"Tumfungie mtumbwi nyuma," Walter akapendekeza. "Alale humo. Boti inavuta, yeye anafuata. Paa hana, kosa halipo."

Hapo mama yao akaongea kwa mara ya kwanza. Priscah alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki alichopewa na Noordin, mkoba mapajani, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuota ukungu.

"Mkwe wangu si ndama," alisema. "Hafungwi kamba akavutwa."

"Basi, Mama, tufanyeje?" Walter aliuliza. "Unataka tuitafute chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa miguu yetu wenyewe? Watoto waanze kukonda bila ugonjwa, tuulizane nini kimewapata?"

"Sitaki."

"Kwa hiyo hatuendi."

Mama aliitazama boti, kisha akautazama mkoba. Emmaculate aliiona ile shingo ikiinama. Mama hakuwa ameomba mengi maishani. Tangu Krismasi alikuwa ameomba kitu kimoja: kulala usiku mmoja juu ya maji na wajukuu wake wote, na asubuhi kuwahesabu wanane kabla hawajanawa uso. Hawajawahi kulala mahali pamoja wote, hata mara moja. Watatu wako Uriri, wawili Kosele, watatu Nakuru. Na Lynnet, binti mkubwa wa Walter, ana tiketi ya kwenda Qatar kufanya kazi hotelini miaka miwili. Anaondoka baada ya wiki mbili. Akirudi, lile jicho la mama litakuwa limeona nini?

Noordin akaitazama simu yake. "Mama, nisikilizeni. Kwaya moja ya Kosele inanipigia tangu asubuhi, wanaitaka boti Jumamosi hiyo hiyo. Naenda kuswali adhuhuri. Nikitoka msikitini mniambie ndiyo au hapana, niwajibu wale watu. Mokua!"

Kichwa cha fundi kilichomoza kutoka kwenye injini, kikiwa na grisi hadi masikioni.

"Huyu mama akitaka chochote, mpe."

"Sawa, mdosi."

Noordin akaenda zake. Lynnet akamvuta shangazi yake pembeni. "Waya," alimwita shangazi kwa Kiluo, "usijichoshe. Baba haogopi chira. Anaogopa maji. Tukivuka daraja la mto Kuja huwa anafumba macho, na hapo yuko ndani ya gari."

"Una hakika?"

"Nyumbani haogi kwenye beseni kubwa. Anasema halina mpaka."

Emmaculate akamtazama kaka yake. Kweli, mtu mzima yule, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama katikati kabisa ya gati, mbali na kingo zote mbili kwa usawa. Lakini kujua hivyo hakukusaidia. Walter aweza kuwa mwoga, lakini mwiko ulikuwa mwiko, na mama aliuamini. Emmaculate hakuwa tayari kumlaza mama yake mahali ambapo asingefumba jicho kwa wasiwasi. Alitaka alale, akorome, aamke, ahesabu.

Alipanda boti, akatembea kutoka mbele hadi nyuma, akiangalia juu. Alikuwa akifikiria boma lao la Uriri. Nyumba ya mama iko juu. Kisha uwanja wenye kuku. Kisha, karibu na lango, nyumba ya Walter. Levi alipokwenda kule kwa mazishi au harusi alilala kwa Walter, akanywa chai kwa Walter, na hakuna mtoto aliyekonda. Wengine walinenepa.

"Mokua," aliita. "Haya mabati yamepigiliwa misumari?"

"Bolti. Januari tuliyatoa kupaka rangi."

"Hapa katikati ni mabati mangapi?"

"Mawili. Ukitoa hayo, mbele kunabaki kivyake, nyuma kivyake. Nguzo zake ni tofauti."

"Nipe spana."

Mokua akafikiri kidogo. Aliambiwa chochote. Spana ilikuwa chochote. Akampa, na yeye mwenyewe akachukua ya pili.

Emmaculate akavua viatu, akapanda juu ya kitanda cha ghorofa, akaanza kufungua. Bolti ya kwanza ililia kama mbuzi. Walter akakimbia hadi ukingo wa gati, akakumbuka kulikuwa na ukingo, akarudi hatua mbili.

"Emma! Unafanya nini?"

"Najenga."

"Unabomoa paa la watu!"

"Walter, nikifungua utaelewa. Usiponielewa nitakueleza kwa Kiluo, na hapa gatini kila mtu atasikia."

Kwa dakika kumi na tano hakukusikika kitu ila chuma na pumzi. Bolti alizitia kwenye kopo la maziwa, moja baada ya nyingine, zikafika ishirini na nne. Kisha yeye na Mokua wakateremsha bati la kwanza, wakateremsha la pili. Mwanga ukamwagika katikati ya boti, na anga la Homa Bay likaonekana, upana wa hatua tatu.

Emmaculate akasimama chini ya uwazi huo, nywele zimejaa kutu, akaelekeza spana mbele. "Hii ni nyumba ya Mama. Yeye na wajukuu wote." Akaielekeza miguuni pake. "Huu ni uwanja." Akaielekeza nyuma. "Na ile, bwana mkubwa, ni nyumba yako."

"Yangu?"

"Wewe ndiye kijana wa kwanza. Una mji wako, umri wako, na kipara chako. Utalala kwa mama yako kama mtoto anayenyonya? Hiyo nayo si mwiko?"

Katika kumtafutia Levi makosa Walter hakuwa amelifikiria lake.

"Na Levi akija kwetu Uriri hulala kwa nani?"

Walter alinong'ona kitu.

"Kwa nani? Injini ya jirani inapiga kelele."

"Kwangu."

"Atalala kwako."

"Lakini sakafu!" Walter alikumbuka ghafla, uso ukachangamka. "Paa mmekata, sawa. Sakafu ni moja! Ubao huu unaanza kule mbele unaishia huku nyuma. Mama, sema mwenyewe, hiyo si nyumba moja?"

Wote wakamwangalia mama. Hata Levi, kule kwenye omena, aliacha kuhesabu milima. Emmaculate aliteremsha spana. Mama akisema ni moja, basi. Hakukuwa na bolti nyingine ya kufungua.

Priscah akainuka, akasogea taratibu hadi ukingoni, akaitazama boti kwa jicho lake zuri, mbele, katikati, nyuma.

"Mvua ikinyesha?" aliuliza.

"Itanyeshea uwanja, Mama. Kama nyumbani."

"Vitanda vya watoto viko upande upi?"

"Wako. Vyote vinane."

Akatikisa kichwa polepole, akikubali kitu kimoja baada ya kingine. Kisha akamgeukia mwanawe. "Walter. Ardhi ya Uriri ni moja. Inaanza kwenye ghala langu na kuishia kwenye lango lako. Tumejenga nyumba ngapi juu yake?"

Walter alikuna kipara.

"Hii ni nyumba yangu na ile ni yako. Nimeridhika." Akaketi. "Lakini mtu haingizi mgeni katika nyumba mpya kabla yeye mwenyewe hajaingia. Ingia kwako, mwanangu, tuone."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Jumamosi nitakuwa na haraka."

Wakati huo huo Noordin akatokea, ametulia, uso umeoshwa. Alipiga hatua nne, akasimama, akavua kofia.

"Mokua. Paa langu liko wapi?"

"Mdosi, ulisema akitaka chochote nimpe."

"Nilimaanisha soda!"

"Jumapili jioni nitalirudisha mimi mwenyewe," Emmaculate akasema, akimwonyesha kopo. "Bolti ishirini na nne, zihesabu. Na kwa taarifa yako, nane zilikuwa zimelegea. Ulikuwa unasafirisha watu chini ya paa la kuruka."

Noordin akalitazama kopo, akamtazama fundi wake ambaye ghafla alikuwa na kazi ndani ya injini. "Subhanallah. Mimi nimetengeneza boti, nyinyi mmeigeuza kijiji."

"Boma," Priscah alimsahihisha kutoka kitini. "Kijiji kina majirani."

"Haya. Boma. Kwa hiyo niwaambie kwaya nini?"

"Waambie waimbe Jumamosi nyingine. Jibu letu ni ndiyo. Piga simu nikisikia."

Noordin akacheka bila kutaka, akapiga simu. Alipokuwa akiwaomba radhi watu wa kwaya, Walter alikuwa amefika mbele ya ubao wa kuvukia unaokwenda sehemu ya nyuma ya boti. Ubao ulikuwa mpana kama kiti cha kanisa. Aliutazama kama mtu anayetazama shimo la choo usiku.

"Baba, usiangalie chini," Lynnet alisema.

"Nani anaangalia chini?"

"Umefumba macho, Baba. Fumbua kidogo."

Levi akaja. Alipita mbali na kiti cha mama mkwe, macho chini kwa heshima, akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini, akaushika ubao kwa mikono miwili. "Twende, shemeji. Nimeushika. Hautikisiki."

"Maji yana kina gani hapo?"

"Unaona magoti yangu."

"Wewe ni mrefu."

Kisha mzee wa kanisa akapiga magoti, akaweka viganja kwenye ubao, akavuka kwa miguu minne, pole pole, akisema jina la Mola kila alipopeleka mkono mbele. Gatini hakuna aliyecheka kwa sauti. Lynnet alijifunika uso kwa leso ya nyanya yake. Walter alipofika ndani alijivuta hadi kitanda cha kwanza, akaketi, akaikumbatia nguzo ya paa lake kwa mikono yote miwili. Jasho lilimtiririka, lakini kidevu kilikuwa juu. Alikuwa kwake.

Priscah alikwishaanza kuvihesabu vitanda vya wajukuu kwa kidole. Moja. Mbili. Alifika nane, akarudia tangu mwanzo.

Levi akapanda kutoka majini, miguu ikidondosha matone, akasimama pale uwanja ulipoishia na nyumba ya nyuma ilipoanzia. Hakuvuka. Alikuwa mtu wa adabu.

"Hodi hapa kwa Walter?"

Walter akazidi kuikumbatia nguzo.

"Karibu, shemeji," alisema. "Lakini usiitikise nyumba yangu."