Kiu ya Nguzo ya Tisa

Jumatatu saa mbili asubuhi, mkaguzi wa zege, ambaye mafundi walimwita Mama Gonga, alianza kugonga nguzo za jengo jipya la hospitali. Alikuwa na nyundo ndogo, chaki na chupa ya maji ya kunyunyizia. Kabla ya kila nguzo aliomba kimoyomoyo ajaliwe kusikia sawasawa. Zege zima hujibu kwa sauti kali, ko, ko, na nguzo nane zilijibu hivyo. Ya tisa ilijibu bo, kama mlango wa chumba kisicho na mtu.

Aliikwaruza kwa ukucha, ikatoa vumbi laini kama unga. Akanyunyiza maji, kwa sababu zege lililoloa likianza kukauka, ufa hubaki na weusi wake ukaonekana. Maji hayakusubiri kukauka. Yaliingia ndani mara moja, na chupa, ambayo bado ilikuwa nusu, ikawa tupu mkononi mwake.

"Chukua ndoo," mlinzi alimwambia. "Hiyo chupa ni ya kusukutulia tu."

"Kwani inakunywa?"

"Tangu Ijumaa. Niliiwekea chai, ikasusa. Afadhali, maana sikuwa na nyingine."

Ndoo iliwekwa kando ya nguzo bila kuigusa. Ilisikika sauti ndogo ya kumeza. Mama Gonga akaandika: lita ishirini, dakika nne.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa, maana fomu ilikuwa na sehemu ya nyufa, ya matundu na ya kutu ya nondo, lakini haikuwa na sehemu ya kiu. Wala hakujua kama nguzo inayokunywa inaumwa au inapona. Alikuwa amesoma darasa la jioni akiwa na miaka arobaini na sita, katikati ya vijana waliomwamkia kabla ya kumwomba rula. Mwalimu alirudia neno moja mpaka likamkaa akilini: zege halikomai kwa kukauka, hukomaa kwa maji, na siku saba za kwanza zikipita zimepita. Hii nguzo ilikuwa na mwaka mzima, na bado ilikunywa kana kwamba siku zile zingeweza kurudi.

Alikwenda kwa msimamizi wa ujenzi. Huyo alikuwa mjomba wake, mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, na ndiye aliyemsukuma darasani. Daftari lake lilionyesha kwamba nguzo ya tisa ilifungwa magunia na kumwagiliwa siku saba.

"Shikamoo, Mjomba. Hizi siku saba ni za kweli?"

"Marahaba. Mbili ni za kweli."

"Na hizo tano?"

"Maji yalikatika. Nikaipiga teke, kidole kikavimba. Nikasema, hii imeshakuwa ngumu, ya nini kuibembeleza? Nikajaza daftari."

"Mjomba, ngumu siyo iliyokomaa!"

"Haya, mwalimu. Sasa si inakunywa? Ipe maji, kisha weka sahihi. Juu yake ni wodi ya watoto, vitanda kumi na viwili, na watoto wanalala sakafuni kule jengo la zamani. Unataka waendelee kulala chini kwa sababu ya ndoo?"

Mama Gonga alikwenda kuchota maji. Aliinywesha nguzo siku tano, asubuhi mpaka jioni. Baada ya ndoo sita ilijibu ko, naye akamshukuru Mungu. Akigeuka kuchukua chaki kisha akagonga tena, inajibu bo. Siku ya tano aligonga mara mia na kumi, mwishowe hakujua tena kama kinachosikika ni nguzo au ni masikio yake. Aliomba apewe ishara. Nguzo ikameza.

Aliandika ripoti bila kuweka sahihi ya kupitisha jengo. Aliandika kwamba nguzo ilinyimwa maji siku tano, kwamba inakunywa lakini haiponi, na kwamba isibebeshwe wodi mpaka ivunjwe na kumwagwa upya. Mjomba wake aliisoma yote, akasema mwandiko wake umekuwa mzuri sana, akaipeleka ofisini mwenyewe.

Wiki ya pili ofisi ilijibu. Ilimpongeza mkaguzi kwa kugundua mahitaji ya nguzo, ikaagiza ipewe ndoo nne kila siku, na jengo likapitishwa kwa sahihi ya mtu ambaye hajawahi kushika nyundo. Nguzo ilipigwa plasta, ikapakwa rangi ya samawati. Mfagiaji akaongezewa kazi ya kuinywesha, na hakulalamika, ila alisema kwamba Jumapili inakunywa zaidi.

Alhamisi moja, wodi ilipokwisha kujaa, Mama Gonga alipanda juu kuona. Mahali nguzo ilipopita ukutani palikuwa na kitanda cha mtoto wa miaka mitatu. Kando yake alikaa shangazi wa mtoto, akisuka ukili wa mkeka. Juu ya kabati dogo palikuwa na kikombe kitupu.

"Amekunywa yote," shangazi alisema kwa fahari. "Kikombe cha tano tangu asubuhi. Mimi sijamwona akinywa, nikigeuka tu, kimekwisha."

Muuguzi alipita, akatazama kikombe, akaandika kwenye karatasi ya mtoto: anakunywa vizuri.

Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, imepasuka katikati. Mama Gonga aliigusa kwa kidole, kikatoka na vumbi laini.

"Sista, huyu mtoto asogezwe. Kitanda kitoke ukutani."

"Nafasi ni hizi, mama. Labda ulete kibali."

"Kibali anatoa nani?"

"Msimamizi wa jengo. Nasikia ni mjomba wako, utapata haraka."

Mama Gonga alijaza kikombe. Alikaa kitandani, akaupa ukuta mgongo, akamwinua mtoto kifuani na kumtilia maji mdomoni, tone baada ya tone, huku mkono wake mwingine ukiwa umefunika kikombe. Nyuma yake ukuta ulianza kuvuta jasho la gauni lake. Aliliacha livutwe. Mtoto alimeza mara moja, akafumbua macho, akaomba tena.