Mkate wa Kurudi

Siku dada yangu Mohira alipojiua, baada ya miaka ya kipigo cha baba wa kambo, Mama alimwacha mume yule akatuhamishia kwa Bibi.

Kwetu, ambako wengi huenda Urusi kutafuta kazi, anayesafiri hung'ata mkate, na uliobaki hutundikwa ukutani hadi arudi kuumaliza. Mdogo wetu Zarrina naye alipoanza kusema amechoka kuishi, Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Asubuhi akamshikia mkate mlangoni.

“Bibi, naenda shule, siendi Urusi!”

“Ng'ata, mjukuu wangu. Utakaobaki utakusubiri.”

Zarrina akang'ata karibu wote.

“We panya! Sasa nitundike nini?”

Tulicheka mpaka Mama akatokwa machozi.

Siku hizi mkate hutundikwa kila asubuhi, na jioni Zarrina huutungua, akaunywea chai.