Fundo la Mkono Mmoja

...na uzi nao leo umeamua kunichezea, nimeulamba mara tatu na bado hauingii tundu la sindano, na mdogo wangu Nicanora amekaa mbele yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu yote miwili imefungwa bandeji, anatafuna chapati yake na maharage kana kwamba ametoka sokoni tu, "Dada Eulalia, unashona au unasali?" nashona, nyamaza ule, namwambia, lakini sishoni, nitashonaje, miaka kumi na mmoja nimeshona viatu vya zulia hapa Altar, mji wa wanaojiandaa kuvuka mpaka kwa siri, vile vya kuvaa juu ya viatu vyako ili mchanga usishike unyayo na askari wa upande wa pili wakose cha kufuata, na kujisifu nimejisifu mno, vya Eulalia havichomoki mguuni, ninashona mara mbili, ninafunga fundo juu ya fundo, waulizeni waliofika... waliofika, ndiyo, wale wengine nani amewahi kuwauliza, "Na safari hii weka zulia zito kidogo," anasema, safari hii! vidonda vya safari ile havijakauka, "Wewe una wazimu," namwambia, naye anacheka, "Maji nikishayavulia nguo, dada, nitayaoga," maji gani, mjinga wewe, huko jangwani ulikokwenda kuna maji? siku ya tatu alibakiwa na funda moja ndani ya dumu jeusi, na hilo funda akampa Tomasa, mama wa watu kutoka Oaxaca, mbali huko kusini, ambaye hata hakuwa akimjua wiki moja kabla, Tomasa aliyeanguka, aliyeacha kutoka jasho, aliyekuwa akimwita mama yake marehemu aje azime jiko, na yule waliyemlipa awaongoze njia akasema anayebaki amebaki, wakaondoka, wote, na Nica alikuwa ameshaziona gari za barabara kuu kule chini, nusu siku tu, nusu siku amfikie binti yake Yareli aliye Tucson, ng'ambo ya mpaka, miaka mitatu sasa, akazipa gari zile mgongo akamburuta Tomasa mpaka kwenye kivuli cha mkwaju... mkwaju nini, mti wa miiba, hata akili yangu inaruka, joto hili, uzi huu... huyu huyu Nica aliyekuwa akimkimbia mjusi, niliyekuwa nikimbeba mgongoni kwenda chooni, nani alimfundisha? si mimi, mimi nilimfundisha kujificha. Maana askari kila siku huburuta matairi juu ya barabara yao ya vumbi, wakiilainisha kama wanaipiga pasi, kesho yake wasome nani amepita, na sisi kazi yetu yote ni kuivuka bila kuandika kitu, naye akaona njia pekee ya kumwokoa Tomasa ni kuandika, kukanyaga vumbi lile huku na huku, nyayo nyingi, zote zielekee mtini, hata kipofu azione, ila vile vya zulia visivyoacha alama hakuweza kuvivua, kwa sababu mimi, kwa mapenzi yangu, kwa kuwa ni damu yangu, vyake sikuvifunga kwa kamba kama vya wateja, nilivishonea moja kwa moja kwenye viatu, uzi wa nailoni, fundo juu ya fundo, akang'ata mpaka ufizi ukatoa damu, uzi haukukatika, kazi ya Eulalia hiyo, basi akavua viatu pamoja na zulia lake akatembea peku juu ya mchanga wa saa nane mchana, akienda akirudi, mpaka gari la askari likasimama, wakamchukua Tomasa hospitali na yeye wakamrudisha huku, na jana Tomasa amepiga simu kutoka kwao, alilia tu, na Nica akamwambia, "Mama, unamaliza salio," nami nikatoka nje nisionekane uso. Hajanilaumu. Siku tisa namfunga bandeji hizi na hajanilaumu hata kwa jicho, na mimi nilipanga leo nikatae, niseme zulia limeisha, niseme Yareli bora akose mama wa karibu kuliko akose mama kabisa, lakini mtu kama huyu unamzuia kwa mlango gani, namvulia kofia, Mungu anisamehe, namwogopea na ninamwonea fahari kwa pumzi moja... ah, umeingia, uzi umeingia, nauchomoa, hautakiwi, navuta kamba ya kawaida, naipitisha kisiginoni, kitanzi kimoja tu, cha kuvuta kwa mkono mmoja, hata mkono usio na nguvu, Nica anaacha kutafuna.

"Dada, fundo gani hilo? Hilo si litafunguka."

"Ndiyo," nasema, "litafunguka."