Ufunguo wa Pili Uko kwa Mama Philomène

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, hazina ya benki moja ndogo mjini Likasi ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake wa pili haukuwamo benki.

Hazina hiyo hufunguliwa kwa funguo mbili. Wa kwanza ulining'inia shingoni mwa meneja, Gauthier. Wa pili, kwa mujibu wa kanuni, hushikwa na keshia, Marceline. Mkaguzi Tshimanga, aliyetoka Lubumbashi bila kutoa taarifa, aliuomba.

"Iko kwa Mama Philomène, chef," alisema Marceline.

"Ni mfanyakazi?"

"Anauzisha mikate ya mafuta, pale ng'ambo."

Agizo lilikuwa la Gauthier: majambazi wanaijua nyumba ya keshia, ila hakuna anayeishuku ndoo ya unga. Marceline huuchukua ufunguo humo kila asubuhi. Leo mkaguzi alimtangulia.

Tshimanga alitazama saa, akamwambia keshia: "Ufunguo usipokuwa mkononi mwangu saa tatu, naandika ufukuzwe."

Wakati huohuo aliwauliza wafanyakazi watatu: tendo gani la meneja ni la hatari? Wote walitoa jibu moja.

"Pikipiki," alisema Willy, mlinzi. "Haiko na casque ku kichwa, chef. Tena anasalimia bantu bote njiani, mikono yote mbili."

"Na ufunguo?"

"Mama Philomène? Miaka kumi na moja hajakosa kazi. Siye tunakosa kila mvua."

Mkaguzi alivuka barabara.

"Mama, nipe ufunguo. Mimi ni mkaguzi."

"Minye sikuyue weye."

Alionyesha kadi.

"Karte, hata mwizi iko nayo. Utakula mikate ngapi?"

Alinunua minne. Ufunguo hakupewa. Gauthier akamfuata.

"Mama, mupatie."

"Gérant, si weye ulisema: hata minye nikikuya hapa na muntu nyuma yangu, kataa?"

"Nilisema, lakini leo..."

"Basi nakataa."

Saa tatu kasoro dakika saba, mkaguzi na meneja walichuchumaa nyuma ya lori la saruji ya kiwanda cha Kakontwe, mikate mikononi. Marceline alivuka peke yake. Mama Philomène aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akampa.

Saa tatu kasoro dakika mbili ufunguo ulikuwa mkononi mwa Tshimanga. Hazina ilikutwa sawa. Aliandika: keshia abaki kazini na ufunguo autunze mwenyewe; meneja apewe onyo. Kuhusu pikipiki hakuandika neno.

"Hilo si la kibenki," alimwambia Willy.

Saa tano aliondoka kwenda kituo cha basi akiwa amepakiwa kwenye pikipiki ya Gauthier. Walipopita mbele ya meza ya Mama Philomène, Gauthier alimpungia mikono yote miwili. Pikipiki iliingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Kamba ya shingoni ilikatika, na ufunguo wa kwanza ukatua katika beseni la unga uliokandwa.

Mama Philomène aliutoa, akaufuta, akautia ndooni. Gauthier alisimama mbele yake akiwa na matope hadi kiunoni, Tshimanga akiwa nyuma yake.

"Gérant, iko muntu nyuma yako," alisema Mama Philomène, akafunga ndoo.